Kuunda programu yenye madirisha kwa uigaji wa vichapuzi vya chembe na uchambuzi wa data: mwongozo kamili

Anayeketi mbele ya skrini ya kichapuzi cha chembe, mashine inayoharakisha chembe ndogo sana, haoni elektroni wala protoni hata moja. Anaona mistari, rangi na tarakimu ambazo mwandishi wa programu aliamua kumwonyesha. Kwa kuitegemea mistari hiyo atabadilisha mkondo wa umeme katika sumaku, ataidhinisha usanifu wa mashine mpya, au ataandika ripoti itakayosomwa na wengine. Katika LHC, kichapuzi kikubwa cha kituo cha CERN, muundo wa awali ulikadiria kwamba mwale mmoja wa protoni, yaani mkondo wa chembe zinazosafiri pamoja, unabeba nishati ya megajuli 362 hivi. Grafu inayodanganya ni jambo zito pale.

Kwa hiyo programu ya aina hii hujengwa kutoka ndani kwenda nje: hesabu ya fizikia kwanza, kisha vizio, kisha majaribio, na dirisha mwishoni. Anayeanza na vitufe hupata kitu kinachopendeza haraka, halafu hubaki miezi akitafuta kwa nini namba zake hazilingani na za wenzake.

Nachukulia kwamba unajua Python kiasi cha kuandika darasa, umewahi kutumia NumPy, na unakumbuka kuzidisha matriksi. Fizikia ya vichapuzi nitaieleza itakapohitajika.

Hatua ya 1: Andika swali ambalo dirisha litajibu

Andika sentensi moja: nani atakaa mbele ya dirisha hili, na atataka kujua nini katika dakika yake ya kwanza? Msanifu wa mpangilio wa sumaku hutaka kubadilisha nguvu ya sumaku moja na kuona upana wa mwale ukibadilika njia nzima. Mwendeshaji wa zamu katika chumba cha udhibiti hutaka kujua kama mwale uko mahali pake, na kama hauko, umeanza kupotoka baada ya sumaku ipi. Mchambuzi ana mamia ya faili za matokeo na anatafuta tofauti kati yake. Ukijaribu kuwahudumia wote watatu kwa dirisha moja, kila mmoja atazungukwa na vitufe visivyomhusu. Chagua mmoja.

Baada ya hapo tazama kilichopo tayari. MAD-X na Xsuite za CERN, elegant ya Argonne, ASTRA ya DESY, OPAL iliyokuzwa Paul Scherrer Institut, Bmad ya Cornell: hizi ni programu za uigaji ambazo watu wengi wamezitumia na kuzilinganisha na mashine halisi. Sishauri uandike upya kazi yao. Mara nyingi kazi yako itakuwa kuzipa sura, kuandaa faili ambazo programu hizo huzisoma na kuchora zinachokitoa. Hata hivyo tutaandika injini ndogo yetu wenyewe, kwa sababu bila hiyo huna kipimo cha kuhakikisha kwamba dirisha lako linasema kweli.

Hatua ya 2: Chagua zana, usikae hapo muda mrefu

Python pamoja na NumPy na SciPy kwa hesabu. H5py kwa faili za HDF5, mfumo wa kuhifadhi data nyingi za kisayansi. Qt kwa madirisha, kupitia PySide6 au PyQt6. Pyqtgraph kwa grafu zinazobadilika muda wote. Matplotlib kwa picha za ripoti. PySide6 na PyQt6 zinakaribiana sana kimsimbo, lakini leseni zinatofautiana: PyQt6 hutolewa kwa GPL, inayodai msimbo wa programu inayosambazwa ufunguliwe, au kwa leseni ya kulipia, na PySide6 hupatikana kwa LGPL, iliyo legevu zaidi. Ikiwa taasisi yako huenda ikasambaza programu bila kufungua msimbo wote, anza na PySide6 ujiepushe na mjadala wa baadaye.

Gawa mradi katika folda tatu: `fizikia`, `faili`, `dirisha`. Kanuni ni moja, na naiomba uishike bila kulegeza: hakuna faili ndani ya `fizikia` au `faili` inayoruhusiwa kuita Qt. Ukiishika, kila hesabu inayofanyika kwa kubonyeza kitufe itaweza kufanyika pia kwenye hati fupi ya Python, kwenye daftari la Jupyter, au kwenye seva isiyo na skrini. Mchambuzi atakayetaka kurudia kazi ileile kwa faili 500 atakushukuru.

Hatua ya 3: Andika kiini cha fizikia na ukipime

Chembe ikiwa ndani ya kichapuzi, tunaielezea kwa kuilinganisha na chembe ya rejea inayopita katikati ya njia. Upande wa mlalo tunahitaji vitu viwili: umbali wake kutoka katikati, x, na mwinamo wa njia yake, x'. Kila kipande cha mashine ni matriksi ya 2 kwa 2 inayobadilisha jozi hiyo. Nafasi tupu huisogeza chembe yenye mwinamo. Sumaku ya kwadrupoli hufanya kazi ya lenzi, ila ina tabia ya pekee: ikikusanya mwale kwa mlalo, huutawanya kwa wima. Ukipanga lenzi ya kukusanya, nafasi tupu, lenzi ya kutawanya, kisha nafasi tupu tena, mwale hukusanywa pande zote mbili. Mpangilio huo huitwa seli ya FODO, na ndio uti wa mgongo wa mashine nyingi kubwa.

```python
import numpy as np

def nafasi(L):
    return np.array([[1.0, L], [0.0, 1.0]])

def lenzi(f):
    return np.array([[1.0, 0.0], [-1.0 / f, 1.0]])

def seli(f, L):
    nusu = lenzi(2 * f)      # tunaanzia katikati ya lenzi
    return nusu @ nafasi(L/2) @ lenzi(-f) @ nafasi(L/2) @ nusu

def optiki(M):
    c = np.trace(M) / 2
    if abs(c) >= 1:
        return None          # mwale hautulii
    mu = np.arccos(c)
    if M[0, 1] < 0:
        mu = 2 * np.pi - mu
    beta = M[0, 1] / np.sin(mu)
    alfa = (M[0, 0] - M[1, 1]) / (2 * np.sin(mu))
    return mu, beta, alfa
```

Beta inayotoka hapo ndiyo inayobeba umbo la mwale. Courant na Snyder waliiweka katika sura tunayoitumia hadi leo kwenye kazi yao ya mwaka 1958. Upana wa mwale mahali popote ni kipeuo cha pili cha beta mara emitansi, na emitansi ni kipimo cha eneo ambalo chembe zinachukua katika nafasi ya x na x'.

Sasa pima. Weka seli ya mita 10 na umbali wa fokasi wa mita 5. Kwa karatasi na kalamu unapata badiliko la fezi (`mu`, sehemu ya mzunguko mmoja wa mtikisiko wa chembe) la digrii 60, yaani radiani 1.047, kwa kila seli, beta ya mita 17.32 katikati ya lenzi inayokusanya, na mita 5.77 katikati ya inayotawanya. Ita `optiki(seli(5, 10))` uone ya kwanza, na `optiki(seli(-5, 10))` uone ya pili. Kugeuza alama ya f ni sawa na kuhamia upande wa wima. Emitansi ikiwa nanomita 10, yaani 1e-8 m·rad, upana wa mwale ni milimita 0.42 kwenye sehemu pana na 0.24 kwenye sehemu nyembamba.

Kuna vipimo viwili zaidi. Determinanti ya kila matriksi lazima iwe 1, ikitoka 0.998 kuna kosa katika namba za moja ya matriksi. Pia, f ikishuka hadi mita 2.5, yaani robo ya urefu wa seli, mwale huacha kutulia, na `optiki` lazima irudishe `None`. Hali hiyo ya mwisho itakusaidia sana utakapofika kwenye vitelezi, kwa maana mtumiaji atakivuta kitelezi hadi huko siku ya kwanza, na dirisha linapaswa kumwambia kwa maneno kwamba mpangilio hautulii, badala ya kuacha mstari wa zamani ukining'inia kwenye grafu.

Andika vipimo hivi vyote kama majaribio ya pytest sasa hivi, kabla hujachora chochote.

Hatua ya 4: Vizio na kaida za faili

Hapa ndipo muda mwingi wa kazi hii unakoishia, na ndipo penye makosa yanayodumu kwa sababu hayaangushi programu. Grafu inatoka nzuri, isipokuwa ina kosa la mara elfu, au ishara imegeuka.

Chukua neno dogo kama "momentamu". Katika faili za chembe za elegant, zilizoandikwa kwa mfumo wa SDDS, safu ya `p` ni momentamu isiyo na kizio, beta mara gama ya uhusianifu (beta hii ni kasi ikigawanywa kwa kasi ya mwanga, si beta ya optiki, na gama ni nishati ikigawanywa kwa nishati ya chembe iliyotulia), na x' ni mwinamo. Katika faili za ASTRA, momentamu za pande tatu ziko katika eV/c, na kuna mtego: mstari wa kwanza ni chembe ya rejea, na z, pz na muda za chembe nyingine zote zimeandikwa kama tofauti kutoka kwake. Ukisahau kujumlisha, nishati ya mwale wako itakuwa karibu sifuri. MAD-X nayo hupima vigeu vyake vya momentamu kwa kugawanya na momentamu ya rejea. Faili za matokeo za MAD-X ziko katika mfumo wa TFS, ambao ni rahisi kusoma: mistari ya kichwa huanza na `@`, majina ya safu na `*`, aina za data na `$`.

Ninachopendekeza ni hiki. Chagua mfumo mmoja wa ndani, uuandike juu kabisa ya moduli, na usiruhusu mwingine kuingia. Mimi hupendelea mita, sekunde, na momentamu katika eV/c kwa pande zote tatu, kwa kuwa kutoka hapo unaweza kupata chochote kingine. Kila msomaji wa faili afanye ubadilishaji palepale mlangoni. Kwenye dirisha, badilisha kwenda milimita na miliradiani wakati wa kuandika lebo ya mhimili tu. Safu zenyewe zibaki katika mfumo wa ndani.

Kwa kuhifadhi matokeo yako mwenyewe, tazama kaida ya openPMD inayotumia HDF5 au ADIOS. Kila rekodi inabeba kipimo chake cha kubadilishia kwenda SI ndani ya faili, kwa jina la `unitSI`, pamoja na vipeo vya vizio vya msingi. Faili ya namna hiyo ikifunguliwa na mtu asiyekujua, bado inajieleza.

Tofautisha pia emitansi ya kijiometria na ile iliyosawazishwa, ambayo ni ya kwanza mara beta mara gama za uhusianifu. Kwa elektroni za GeV 3, gama inakaribia 5,871, kwa hiyo anayechanganya hizi mbili anakosea kwa maelfu. Lebo isiseme "emitansi" peke yake kamwe.

Na kwa anayeshughulika na sumaku halisi, nguvu ya kwadrupoli katika programu za optiki ni k, kwa kizio cha 1/m². Kupata mteremko wa uga kwa tesla kwa mita, zidisha k kwa ugumu wa mwale kupindika, ambao ni 3.3356 mara momentamu katika GeV/c. Kwa GeV 3 ugumu huo ni 10.007 T·m. Lenzi yetu ya mita 5, ikitengenezwa kwa sumaku yenye urefu wa nusu mita, inahitaji k ya 0.4, yaani karibu tesla 4 kwa mita. Onyesha namba zote mbili kwenye dirisha: msanifu anafikiri kwa k, na fundi wa sumaku kwa tesla.

Hatua ya 5: Dirisha lisilogandisha

Qt ina uzi (thread) mmoja unaochora na kusikiliza kipanya. Ukifanya hesabu ya sekunde 20 ndani ya uzi huo, dirisha linaganda, na mtumiaji analifunga kwa nguvu akidhani limekufa. Kuhamishia hesabu kwenye uzi mwingine husaidia kazi za kusubiri diski au mtandao. Kwa hesabu nzito iliyoandikwa kwa Python tupu hakutoshi, kwa sababu ya kufuli la mkalimani linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Tumia mchakato tofauti.

```python
from concurrent.futures import ProcessPoolExecutor
from PySide6.QtCore import QObject, Signal

class Mwendeshaji(QObject):
    tayari = Signal(int, object)
    kosa = Signal(int, str)

    def __init__(self):
        super().__init__()
        self.kundi = ProcessPoolExecutor(max_workers=1)
        self.namba = 0

    def anza(self, hesabu, vigezo):
        self.namba += 1
        n = self.namba
        kazi = self.kundi.submit(hesabu, vigezo)
        kazi.add_done_callback(lambda k: self._mwisho(n, k))

    def _mwisho(self, n, kazi):
        try:
            self.tayari.emit(n, kazi.result())
        except Exception as e:
            self.kosa.emit(n, str(e))
```

Zingatia mambo machache. `_mwisho` haiendeshwi na uzi wa dirisha, kwa hiyo isiguse kitufe wala grafu. Inatoa ishara, na Qt inaipeleka upande wa pili kwa usalama. Ili hilo litokee, unganisha ishara na metodi ya dirisha lenyewe, si na lambda. Namba ya ombi ipo kwa sababu mtumiaji hasubiri: atabadilisha kigezo mara tatu kabla jibu la kwanza halijarudi. Dirisha lipokee jibu lenye namba ya mwisho pekee na mengine liyatupe. Kwenye Windows na macOS hakikisha programu inaanzishwa ndani ya `if __name__ == "__main__":`, la sivyo kila mchakato mpya utajaribu kuianzisha programu yote tena.

Kitelezi hutoa ishara nyingi kwa sekunde. Weka kipima muda, `QTimer`, cha kulia mara moja, cha milisekunde 150 hivi, kinachoanza upya kila kitelezi kinaposogea. Hesabu ifanyike kinapolia. Kwa injini yetu ndogo ya matriksi hili halihitajiki, kwani inamaliza kabla jicho halijapepesa, lakini ukiibadilisha injini utashukuru kwamba kipo. Karibu na kila kitelezi weka kisanduku cha kuandika namba kamili. Mtu anayetaka 0.3987 hawezi kuipata kwa kuvuta.

Hatua ya 6: Chora kwa uaminifu

Grafu ya kwanza ambayo kila msanifu anaitarajia ni beta za mlalo na wima dhidi ya umbali s, na juu au chini yake mchoro mwembamba wa sumaku: mistatili ya daipoli, sumaku zinazopinda njia ya mwale, katikati ya mstari, kwadrupoli zinazokusanya juu ya mstari, zinazotawanya chini yake. Unganisha mihimili ya s ya michoro hiyo miwili kwa `setXLink`, ili kukuza mmoja kukuze mwingine. Jicho linapoona kilele cha beta, linashuka moja kwa moja kwenye sumaku iliyokisababisha. Usichore kila sumaku kama kitu cha pekee cha Qt: LHC ina daipoli kuu 1,232 katika mzingo wa kilomita 26.7, bila kuhesabu sumaku nyingine, na vitu maelfu vinavyojitegemea vitaifanya kila hatua ya kukuza iwe nzito. Kusanya maumbo ya aina moja katika njia moja ya kuchora.

Grafu ya pili ni nafasi ya fezi, yaani x dhidi ya x' ya kila chembe. Chembe milioni moja zenye vigeu sita kwa usahihi wa baiti 8 ni megabaiti 48 tu, kwa hiyo kumbukumbu si tatizo. Tatizo ni kuchora nukta milioni. Zinachelewesha, na zinapotosha: nukta zikirundikana, kiini chenye msongamano na ukingo wenye chembe chache huonekana kuwa sawa. Zigawe katika histogramu ya pande mbili, tuseme visanduku 300 kwa 300, uionyeshe kama picha. Ongeza chaguo la mizani ya logi kwa anayetafuta chembe za pembezoni.

Kuhusu rangi nina msimamo mkali. Ramani ya rangi za upinde wa mvua, iliyozoeleka kwa miaka mingi, hutengeneza kingo pasipo na kingo, maana mwangaza wake hupanda na kushuka ovyo. Nimeona watu wakibishana juu ya "muundo" ndani ya mwale ambao ulikuwa mpaka wa rangi ya njano. Matplotlib iliacha ramani ya aina hiyo kama chaguo-msingi katika toleo la 2.0, mwaka 2017, ikachukua viridis. Fanya vivyo hivyo.

Andika takwimu kando ya picha: idadi ya chembe, mkengeuko wastani wa x na x', emitansi. Emitansi ya mkengeuko huhesabiwa kwa kipeuo cha ⟨x²⟩⟨x'²⟩ − ⟨xx'⟩², ambapo ⟨ ⟩ ni wastani wa chembe zote, baada ya kuondoa wastani wa x na wa x'. Hesabu hii huvutwa sana na chembe chache zilizo mbali. Mpe mtumiaji njia ya kuona emitansi ya asilimia 95 ya chembe zilizo karibu na kiini, na uandike asilimia hiyo kwenye lebo. Emitansi mbili zilizokatwa kwa viwango tofauti hazilinganishwi, na dirisha lako lisimruhusu mtu azilinganishe bila kujua.

Hatua ya 7: Endesha programu za nje kwa utaratibu

Unapoiita elegant au ASTRA, tumia `QProcess`. Inatoa maandishi ya programu ya nje mstari kwa mstari bila kugandisha dirisha, na ina njia ya kuisimamisha. Kwa MAD-X kuna cpymad inayoipatia Python udhibiti wa moja kwa moja.

Kila uendeshaji upate folda yake mpya. Ndani yake weka faili ya kuingiza jinsi ilivyotumika, matokeo, maandishi yote yaliyotoka kwenye programu, na faili fupi ya JSON yenye vigezo, mbegu ya namba nasibu, toleo la programu ya nje na alama ya Git ya programu yako. Usiandike juu ya folda ya jana. Diski ni rahisi kuliko kurudia uigaji wa siku mbili, na swali la "hii grafu ilitoka kwa vigezo gani?" huulizwa daima wiki kadhaa baada ya kila mtu kusahau.

Soma pia msimbo wa kutoka (exit code) ambao programu ya nje huurudisha inapomaliza, na usiuamini peke yake. Hakikisha faili ya matokeo ipo, ina mistari inayotarajiwa, na tarehe yake ni mpya kuliko mwanzo wa uendeshaji.

Hatua ya 8: Data halisi, kwa mfano wa kupima emitansi

Kazi nzuri ya kujifunzia uchambuzi ni kupima emitansi kwa kubadilisha kwadrupoli moja na kutazama upana wa mwale kwenye kiwambo kilicho umbali d mbele yake. Kwa kila thamani ya f, matriksi kutoka mlango wa sumaku hadi kiwambo ni `nafasi(d) @ lenzi(f)`, hivyo m11 ni 1 − d/f, na m12 ni d. Mraba wa upana kwenye kiwambo ni

m11² σ11 + 2 m11 m12 σ12 + m12² σ22

ambapo σ tatu ni sifa za mwale kabla ya sumaku: ⟨x²⟩, ⟨xx'⟩ na ⟨x'²⟩. Zisizojulikana ni tatu, kwa hiyo vipimo vitatu ndiyo idadi ya chini. Chukua kumi au zaidi. Mlinganyo ni mnyoofu katika σ hizo, kwa hiyo njia ya miraba midogo kabisa inatosha: jenga matriksi yenye safu tatu, ita `np.linalg.lstsq`. Emitansi ni kipeuo cha σ11σ22 − σ12².

Ugumu wote uko kabla na baada ya mstari huo mmoja.

Kabla yake kuna picha. Ondoa kwenye kila picha ile picha ya nyuma iliyopigwa bila mwale. Mruhusu mtumiaji achore mstatili wa eneo la kuchambua, kwa sababu pikseli chache zenye kelele mbali na mwale huongeza mkengeuko kupita kiasi. Kagua pikseli zilizojaa: katika kamera ya biti 8 ni zile zenye 255, katika biti 12 ni 4095. Zikiwepo, ipake picha fremu nyekundu na usiiingize kwenye hesabu bila idhini ya mtu, maana kilele kilichokatwa kinaufanya mwale uonekane mpana kuliko ulivyo.

Wakati wa kupima, sumaku zina kumbukumbu. Uga wake kwa mkondo uleule hutofautiana kulingana na kama mkondo ulikuwa unapanda au unashuka. Programu inayoongoza kipimo ipite thamani zote kwa mwelekeo mmoja, baada ya kuizungusha sumaku kwa utaratibu wa mashine husika. Vipimo viwepo pande zote mbili za mahali mwale unapokuwa mwembamba kabisa. Vikiwa upande mmoja tu, parabola ya mraba wa upana dhidi ya 1/f inajipinda inavyotaka.

Baada ya hesabu, kuna hali ambapo σ11σ22 − σ12² inatoka hasi kwa sababu ya kelele. Usiifiche kwa kufuta alama ya hasi, wala usiache `nan` kwenye kisanduku. Andika kwamba data hazitoshi kutoa emitansi, na onyesha vipimo vilivyo mbali zaidi na mstari. Ikitoka chanya, onyesha pia shaka yake: zalisha data bandia mara mia kadhaa kwa kutikisa kila upana ndani ya shaka yake, rudia hesabu, uchukue mtawanyiko wa majibu. Kumbuka kwamba unalinganisha mraba wa upana, kwa hiyo shaka ya kila nukta ni mara mbili ya upana mara shaka ya upana.

Mipaka ya njia yenyewe iandikwe kwenye dirisha. Lenzi nyembamba ni makadirio. Sumaku ikiwa ndefu ukilinganisha na f, tumia matriksi yake kamili ya sine na kosine. Kwa elektroni za nishati ndogo na chaji kubwa, msukumano wa chembe zenyewe huharibu mlinganyo huu wote.

Jaribio la uchambuzi huu ni rahisi na usiliruke: tengeneza mwale bandia wenye emitansi unayoijua, upitishe kwenye `fizikia` ya hatua ya 3, ongeza kelele, chora picha bandia za kiwambo, kisha umpe mchambuzi wako. Asipokurudishia namba uliyoanza nayo ndani ya shaka aliyoitaja, hajawa tayari kuona data za kweli.

Hatua ya 9: Kuunganisha na mashine

Vituo vingi hutumia EPICS, mfumo wa udhibiti uliozaliwa kwa ushirikiano wa Los Alamos na Argonne. Vingine hutumia Tango, iliyoanzia ESRF kule Grenoble. Katika EPICS kila kipimo na kila amri ina jina lake, na pyepics inakuwezesha kusoma, kuandika na kujiandikisha kupata mabadiliko. PyDM ya SLAC inakupa vitufe na grafu za Qt zilizokwisha kuunganishwa, na kwa dirisha la kawaida la udhibiti ningeanza nayo.

Tahadhari ya nyuzi inarudi hapa: mabadiliko yanakuja kwenye uzi mwingine, kwa hiyo toa ishara. Vipimo vinaweza kuja mara nyingi kwa sekunde. Vihifadhi vyote, lakini chora mara 10 kwa sekunde, jicho halihitaji zaidi.

Thamani iliyozeeka ni hatari kuliko thamani isiyokuwepo. Mawasiliano yakikatika, namba igeuke kijivu na muda wake wa mwisho uonekane. Onyesha pia hali ya tahadhari inayokuja na kipimo chenyewe.

Kuandika kwenye mashine kufungwe mwanzoni. Programu ifunguke katika hali ya kusoma tu, na kubadilika kwenda kuandika kuwe tendo la makusudi linaloonekana kwenye rangi ya dirisha zima. Kabla ya badiliko lolote, hifadhi thamani zilizopo, na kitufe cha kuzirudisha kiwe karibu. Weka mipaka ya juu na chini, na badiliko kubwa ligawanywe katika hatua ndogo. Hata hivyo, ulinzi wa mashine na wa watu unabaki kwenye mifumo yake maalumu ya vifaa. Mipaka ya dirisha lako ni msaada kwa mwendeshaji, haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Hatua ya 10: Kabla ya kumkabidhi mtu

Linganisha injini yako na MAD-X au Xsuite kwa mpangilio uleule, ukitumia sumaku zenye urefu halisi, na uhifadhi ulinganisho huo kama jaribio linaloendeshwa kila unapobadilisha msimbo. Tumia pytest-qt kwa vitendo vichache vya dirisha: kufungua faili mbovu, kusimamisha hesabu katikati, kuvuta kitelezi hadi mwale usiotulia.

Kisha mkalishe mtu uliyemchagua katika hatua ya 1 mbele ya programu, mpe kazi halisi, na unyamaze. Andika kila mahali anaposita. Akiuliza "hii ni milimita au mita?", lebo ina kasoro. Akibonyeza kitufe kimoja mara mbili, hajaona dalili kwamba kazi imeanza. Akichukua karatasi na kuanza kunakili namba kutoka kwenye skrini, anahitaji kitufe cha kuhamisha data, na anapokibonyeza faili ya CSV itoke na vizio kwenye kichwa cha kila safu, pamoja na njia ya folda ambako uendeshaji huo umehifadhiwa.